Viini Vinane vya Ua la Boga

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa maabara katangaza. Sisi wa mkataba tuko wanne, ajira ya kudumu ni moja. Ataipata atakayemwonyesha kwanza, kwenye hadubini, kijiyai cha ua chenye viini vinane. Mwisho Ijumaa. Akatukumbusha kwamba ndani ya kijiyai huanza seli nne kwa mstari, tatu hufa, na katika maua mengi hubaki ile iliyo mbali na mlango wa kijiyai. Hiyo ndiyo hugawa kiini chake mara tatu mpaka vinane. Wanne, mmoja. Mbali na mlango. Dokezo nimelipata. Mke wangu na mimi tunalala sebuleni kwa mama yake mwaka wa pili sasa. Lazima nishinde.

Jumanne, 5 Machi
Nimehamishia meza yangu pembe ya ndani kabisa. Giza totoro. Miwani, mpinzani wangu, akauliza kama nimeadhibiwa. Nikamwacha na ujinga wake.

Jumatano, 6 Machi
Maboga ya mama mkwe yameanza kuchanua. Nimechuma maua yote ya kwanza, kumi na tisa, Miwani asije akaniwahi. Nimekata vipande vyembamba mpaka vidole vikafa ganzi. Chavua tupu. Kijiyai hata cha dawa hakuna.

Alhamisi, 7 Machi
Mama mkwe kaona mashina matupu. Nilitegemea matusi, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, mwanangu, boga hutanguliza maua dume, jike huja nyuma, nalo utalijua kwa kiboga kilicho chini yake. Akanichumia mwenyewe majike mawili machanga. Nilitaka kumkumbatia, nikaona haya.

Ijumaa, 8 Machi
Vinane! Nimevihesabu kwa tochi ya simu: vitatu mlangoni, viwili katikati, vitatu nyuma. Machozi yalinitoka. Nikamwita mkuu. Simu ikazima. Akasema haoni kitu. Nikaivuta hadubini kuelekea dirishani, slaidi ikaanguka, ikapasuka vipande vitatu. Miwani kaishia viini vinne, wale wengine wawili hawana kitu. Mkuu kaongeza wiki moja.

Jumamosi, 9 Machi
Bado nimo. Na nimejifunza: maboga yana hila, nimeachana nayo. Nyuma ya maabara mahindi yametoa maua kileleni, na hakuna hindi hata moja lililoota nywele. Maua ya kwanza kabisa! Jumatatu alfajiri nayachuma yote, Miwani akiwa bado kitandani. Mke wangu nimemwambia aanze kuchagua mapazia.