Shahidi wa Mita Mia Nane

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Moyo umechoka. Daktari hataki nipande hata ngazi mbili. Basi niandike kabla sijaitwa. Nimeficha hili miaka miwili: mbio za mjukuu wangu Christelle, mita mia nane, kwenye michezo mikubwa ya mataifa kule Kinshasa, sikuziona. Nimezisimulia kwenye misiba kumi na minne. Sikuziona! Parokia yetu hapa Kalemie ilinichangia tiketi ya ndege niwe macho ya familia, maana Christelle alisema hawezi kukimbia mbele ya maelfu bila muntu wake hata mumoja. Nilifika uwanjani. Nilikaa. Mbio zilitangazwa saa kumi na moja jioni. Saa yangu ikafika kumi na mbili, bado wanarusha mikuki! Nikaondoka. Mwalimu kama mimi hangojei wazembe. Nilipofika nje ya lango, uwanja ukalipuka kwa kelele. Mlinzi hakuniruhusu kurudi.

Leo binti yangu Monique kasema Christelle anakuja Jumamosi, mara ya kwanza tangu siku ile. Balaa.

Jumatano, 8 Oktoba
Jirani Patrice, mchuuzi wa dagaa kutoka Fizi, ananuka dagaa hata kwenye misa. Naye atakuja Jumamosi! Ati mbio aliziona kwenye televizyo yake. Leo kanipigia kelele juu ya ua: Mwalimu, kamera ilizunguka jukwaa lote, mbona hatukukuona? Ulijificha nyuma ya muke wa waziri? Wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye robine wakacheka hadi ndoo zikamwagika. Nikamjibu kwamba kamera haina haja na wazee wenye heshima. Jibu dhaifu.

Lakini nimepata hila. Bubu haulizwi maswali. Kuanzia kesho, sina sauti.

Ijumaa, 10 Oktoba
Siku ya pili ya ububu. Monique ananisukutulisha maji ya chumvi na kitunguu saumu. Niliandika kwenye karatasi: INATOSHA. Akasoma INATOSHA, akaongeza kitunguu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nyumba ilijaa. Christelle akanikumbatia. Nikaonyesha koo. Huruma tele. Hila imefaulu!

Ndipo Patrice akasimama, hakuombwa na muntu. Ati kwa kuwa Mungu amemunyamazisha shahidi, yeye atasimulia. Akasimulia! Ati hakuna aliyemgusa Christelle. Ati alimaliza wa sita kwa kukosa pumzi. Pumzi! Miaka miwili nimewaeleza watu kwamba mpinzani alimpiga kiwiko kwenye kona ya pili. Nikasikia sauti inafoka: Kiwiko! Kona ya pili, mjinga wewe! Ilikuwa yangu.

Monique akamshukuru Mungu kwa kitunguu saumu. Patrice akamgeukia Christelle: Sema wewe, mama, kiwiko kilikuwapo? Christelle akanitazama. Akasema: Babu alikuwa pale. Aliyekuwa pale njo yeye anajua. Patrice akakaa. Uso kama dagaa wa juzi.

Wageni walipoondoka, Christelle akaniambia polepole. Kabla ya kuanza aliinua mkono kuelekea kiti changu. Kiti kilikuwa wazi. Akajua moyo wangu umesimama, nimekufa. Mizunguko yote miwili alikimbia akijua nimekufa. Kiwiko hakikuwapo. Akauliza tu: Babu, ulikuwa wapi? Nikajibu kwamba walichelewesha mbio. Akasema zilianza saa kumi na moja kamili.

Nikaonyesha koo tena.

Jumapili, 12 Oktoba
Baada ya misa vijana wakaniomba niwasimulie, maana nimepona. Ningefanyaje? Nikasimulia. Safari hii nimeongeza mkono: aliuinua, nami nikasimama kwenye kiti nikainua wangu. Ilikuwa nzuri kuliko kwenye misiba yote! Mama wawili walilia. Hata Patrice alipenga kamasi. Christelle alitoka nje, akaenda kufunga mizigo yake. Vijana wa siku hizi hawana subira ya kusikiliza hadithi hadi mwisho.

Limebaki moja, na Mungu analijua, basi na liandikwe. Mbio hazikuchelewa hata dakika. Kinshasa iko nyuma ya Kalemie kwa saa moja. Niliwafundisha hivyo watoto wa hapa miaka thelathini na moja, ramani ukutani, fimbo mkononi. Kwenye ndege walitutangazia turudishe saa zetu nyuma. Nilisikia vizuri. Nikaona ni dharau, Kalemie kuinamia Kinshasa. Nikakataa, kisha nikasahau kwamba nimekataa.