Masharubu Rehani

Redio ya kinyozi haijamaliza hata kutangaza kwamba virusi vimevamia kompyuta za maofisi, Masharubu keshatua kikombe chake cha kahawa benchini, pwaa!

"Za kwao hizo! Ya kwangu haishikiki!"

Masharubu alikuwa mchapishaji wa kadi za harusi, duka lake ukuta mmoja na kinyozi. Alijivunia vitu viwili duniani: kompyuta yake ya bei mbaya, na masharubu yaliyompa jina. Mkewe mwenyewe husema aliyapenda masharubu kwanza, mwenye nayo baadaye.

"Haishikiki imechanjwa?" aliuliza Wembe, yule kinyozi, kichwa cha mteja kimo mkononi.

"Aina hii virusi havina pa kupenyea. Muuzaji kaniambia."

"Muuzaji!" Mama Pindo, fundi cherehani, alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Na mimi huwaambia wateja kitambaa hakipauki! Kila mwamba ngoma huvutia kwake, shemeji."

"Kompyuta yoyote yenye binadamu mbele yake inashikika," Wembe akadakia.

"Basi tuwekeane dau! Ikishikwa, ninyoe masharubu haya, hapa hapa, bila maji!"

Benchi zima likapiga vigelegele. Ndiyo hivyo, Masharubu keshasema mbele za watu.

Mara simu ya Mama Pindo ikalia. Ikafuata ya Wembe. Ikafuata ya mteja aliyenyolewa nusu.

"'Mpendwa,'" Mama Pindo akasoma, "'nimekwama ugenini, nimeibiwa hadi nguo. Bofya hapa uniokoe. Wako, Masharubu.' Heh! Shemeji, umekwama ugenini gani na kahawa unainywa hapa hapa?"

Kabla Masharubu hajajibu, simu yake nayo ikaita. Mama mkwe. Sauti ilisikika mpaka barabarani.

"Mwanangu! Uko uchi wapi?"

Watu walikufa kwa kicheko. Masharubu akakata simu, jasho likimtiririka.

"Umefungua nini leo asubuhi?" Wembe akambana.

"Sijafungua kitu! Ilikuja barua pepe tu, ikataka nenosiri ili kompyuta iongezewe ulinzi."

"Ukatoa?"

"Waliomba kwa adabu, bwana." Masharubu akainamisha macho. "Waliniita Mheshimiwa."

Mama Pindo akakaa chini kabisa, mavumbini, machozi yakimtoka.

"Lakini kompyuta haijashikwa!" Masharubu akang'aka, viganja viwili vikiyafunika masharubu. "Haijavunjwa popote! Aliyeshikwa ni mimi!"

"Ndiyo maana tunakunyoa wewe. Kompyuta ina masharubu?" Wembe akauliza.

Akainuka atoroke. Mguu wa kwanza ulishafika barabarani. Wembe hakumkimbiza, alimwondoa mteja wa nusu kichwa, akakung'uta kitambaa, akainama mpaka kiunoni.

"Karibu kitini, Mheshimiwa."

Masharubu akasimama, akanyoosha kola ya shati, akarudi kukaa.