Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumatatu, 6 Machi 1989. Izigo.
Nimeficha miaka kumi: ukurasa wa 41 wa kitabu cha mipaka ya mashamba ya ukoo niliutunga. Wakati wa vita tulikimbilia Muleba, nikanakili kitabu cha zamani. Mvua ikaharibu ukurasa mmoja. Nikaujaza kwa kichwa, nikajipa safu mbili za kahawa za jirani yangu Rwegasira. Milamula, mimea ya kuonyesha mpaka, nikaing'oa. Rwegasira ameshakufa kwa ugonjwa huu unaotumaliza. Mjane wake Joviana ana watoto wanne. Daktari ananipa hadi mwisho wa masika. Lazima safu zirudi, jina langu libaki safi. Mpango ninao. Ukoo umemwagiza Mwalimu Kagaruki aje kwangu kunakili kitabu upya. Akikwama atabuni, kama mimi. Yeye ni baba wa ubatizo wa Joviana, hivyo atampendelea. Dhambi itakuwa yake.

Jumanne, 7 Machi.
Jaribio la kwanza. Nimegandisha kurasa za 8 na 9 kwa uji. Kagaruki alisimama hapo hapo, akachana alichoanza, akatangaza kwa sauti ya darasani kwamba kurasa hazifunguki. Tukazitenganisha kwa mvuke wa birika. Mtu wa kuchosha.

Alhamisi, 9 Machi.
Nimemwaga wino ukurasa wa 17. Akasimama tena. Nikamshauri akisie. Akaniuliza, Mzee Ildefons, tangu lini nakala inakisiwa? Nikakohoa sana. Hata hivyo analegea, namwona.

Jumamosi, 11 Machi.
Nimemimina lubisi, pombe yetu ya ndizi, nusu kibuyu, ukurasa wa 41. Wino wote umekimbia. Kagaruki ameunusa, akasema kitabu kinakunywa kuliko mwenyewe. Kisha akaacha ukurasa mweupe, akaandika chini: "Haukunakilika. Iletwe asili." Hakubuni hata herufi moja. Mtu gani huyu?

Jumapili, 12 Machi.
Baada ya misa wazee wamekaa kwangu. Wameuliza asili iko wapi. Nikasema mvua ya vita. Basi, wakasema, bila asili mpaka ubaki ulipo. Yaani safu zimebaki zangu, moja kwa moja. Joviana akapiga goti, akaniuliza, Taata, watoto wangu wale karatasi tupu? Kagaruki alikuwa akinitazama juu ya miwani. Nikaangalia paa.

Jumatatu, 13 Machi.
Nimepata suluhisho, na ni zuri kuliko yote. Kesho nampelekea Kagaruki ukurasa wa zamani, niseme umeonekana ndani ya sanduku. Joviana atapata kahawa yake, mimi nitapata shukrani. Kwanza nitauloweka kwenye beseni hadi ufanane na kitu kilichonyeshewa. Wino wa zamani ni imara, nadhani. Hakuna njia nyingine, kwa sababu ukurasa wenyewe uko hapa chini ya godoro langu, mkavu, unasomeka wote, na haujawahi kuguswa na tone la mvua.