Tangi Refu la Mwalimu Nderitu

Jumapili, tarehe 3 Agosti

Baada ya kanisa, chakula cha mchana kwa shemeji Kihara, mtaa wa Naka. Ameweka maporomoko ya maji sebuleni. Ya plastiki! Maji yanapandishwa kwa mota, yanashuka juu ya mawe ya kubandika, na nyuma yake taa ya zambarau kama ya klabu. Wageni wote wakaguna kwa heshima. Mke wangu Mugure, ambaye ni dadake, akapiga picha. Mimi nimefundisha jiografia hadi nikastaafu nikiwa naibu mwalimu mkuu. Maporomoko nayajua. Lile ni bomba lililopasuka.

Njiani Mugure akanikumbusha kwamba Jumamosi ya wiki ijayo wazazi wa Kibii wanakuja kutoka Olenguruone kumposa binti yetu Lynn. Akasema sebule inahitaji rangi. Rangi! Watu washuke kutoka milima ya Mau kuja kutazama rangi?

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimepata. Tangi la samaki wa bahari, lenye matumbawe ndani. Wakwe wataingia wakute Bahari Hindi imesimama ukutani. Lazima isimame, kwa sababu kabati la vyombo la Mugure limekula ukuta mzima, na halihami. Alisema hivyo kabla sijauliza. Imebaki nafasi ya futi mbili tu. Basi nitaenda juu, mpaka darini. Kihara hana akili ya kwenda juu.

Nikampigia simu Natalie, anayeuza samaki wa bahari kule Nairobi. Nilidhani ni mtaalamu. Kumbe mwoga tu. Akauliza kimo. Nikamwambia. Akaniomba nirudie, nikarudia. Kisha akaanza kulalamika. Eti mwanga hautafika chini, matumbawe yatakufa gizani. Eti hakuna mkono wa kufika kule kuosha. Eti maji ya chumvi huandaliwa wiki nyingi kabla ya samaki wa kwanza kuingia.

“Mzee,” akasema, “samaki huogelea kwenda mbele. Hawapandi ngazi.”

Nikamwambia wangu watajifunza. Amekataa kunitumia hata mmoja mpaka aone maji yamepimwa. Wafanyabiashara wa siku hizi hawataki wateja.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Fundi wa vioo, Odero, ana kichwa kigumu. Nilimpa kioo cha dirisha kilichobaki tulipojenga. Akasema maji marefu yatakitoboa kama karatasi. Nikamweleza shinikizo la maji kwa mifano, kama nilivyowaeleza kidato cha pili. Alisikiliza kwa adabu, akaitika, kisha akaja na kioo kinene na fremu ya chuma, kana kwamba sikusema kitu. Chini akaweka na mfereji wa kufungulia maji. Nikauliza wa nini. Akasema kila maji yana siku yake ya kutoka. Falsafa kutoka kwa mtu aliyepaka gundi kwenye kochi langu!

Tangi limesimama juu ya meza ya mbao za Elburgon. Limeingia sawasawa, linagusa dari. Mugure akatoka jikoni, akalitazama, akauliza swali moja: nitalifungulia wapi?

Mwanamke huyu hupenda sana kuuliza.

Jioni nimekata shimo darini. Kila kitu kitaingilia juu, kama mvua. Asili yenyewe hufanya hivyo, na hakuna anayeicheka.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Natalie anauza chumvi ya bahari kwa mifuko. Upuuzi, wakati sisi tuna ziwa la chumvi hapa Elementaita. Chumvi ni chumvi. Nimeruka kanisa, nikaazima pikapu, nikajaza mitungi. Ndege heroe walinitazama kwa dharau. Nikawarudishia.

Kupandisha maji darini kwa kamba kumenivunja mgongo. Mugure alichovya kidole, akalamba, akasema hii si bahari, hii ni magadi. Nikamuuliza shahada yake ya jiografia iko wapi. Alichota kikombe akatia kwenye sufuria ya githeri. Mahindi na maharagwe yaliiva haraka na kulainika kama wingu.

Nimekula sahani mbili.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Maji yamekuwa ya kijani na yana harufu kidogo, kama yai lililosahauliwa. Hiyo ndiyo harufu ya pwani. Asiyesafiri hawezi kuijua. Samaki bado sina, kwa hivyo nimekazia matumbawe. Nimeyafinyanga kwa saruji, nikayapaka rangi ya waridi na ya machungwa, nikayadondosha kutoka darini. Yametua vizuri kabisa, nafikiri. Kule chini hakuonekani chochote.

Lynn alitoka kazini jioni na sare yake ya uuguzi. Alisimama mbele ya tangi kwa muda mrefu. Nilingoja asifu. Akaniambia kwamba mamake Kibii hakufurahia sana mwanawe kuoa mjini. Kwamba watu wa mjini wana maringo, ndivyo anavyoamini. Kwamba Jumamosi ndiyo siku ya kuamuliwa.

“Dadi, nakuomba kitu kimoja tu,” akasema. “Siku hiyo, kaa kitini.”

Macho yake yalikuwa mekundu. Nikaahidi. Nilihisi kitu kifuani, labda ni ile kamba.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Naandika nikiwa nimelala. Mguu umevimba.

Wageni walifika na Kibii mwenyewe, kwa gari la mjomba wake. Mzee Kipkemei, baba yake Kibii, mrefu, mpole, amevaa koti la mvua. Mkewe, Mama Chepchirchir, akakaa kwenye ncha ya kochi na mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa hospitali. Hakugusa chai. Kihara alikuwepo pia, anatabasamu bila sababu. Wote walikuwa wakilitazama tangi, na wote waliona giza la kijani tu. Kazi yangu yote ya saruji, bure!

Nilikuwa na tochi. Nilikuwa nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Kuidondosha kutoka darini ni kazi ya dakika moja. Mzee Kipkemei akaombwa afungue kwa sala, na nilipoona anaanzia kuumbwa kwa mbingu, nikajua nafasi ninayo. Wote walikuwa wamefumba macho. Nikatoka, nikapanda darini.

Dari la nyumba hii lilijengwa na wezi. Niliweka mguu mahali palipoonekana pagumu, ukapita wote mpaka pajani. Kiatu kikachomoka na kutua kwenye sahani ya chapati. Mzee Kipkemei alimaliza sala yake bila haraka. Nikasikia Amina. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mwalimu, ni wewe?”

Nikajibu kwamba ni mimi.

Kihara ndiye aliyecheka kwanza. Sitasahau. Halafu nikamsikia Lynn. Aliwaeleza yote: maporomoko ya plastiki, Natalie, Elementaita, githeri, saruji. Binti yangu mwenyewe! Mimi nikiwa juu, siwezi kupanda wala kushuka. Alipofika kwa samaki wasiopanda ngazi, Mama Chepchirchir alipasuka kicheko. Alicheka mpaka akaomba kitambaa. Kisha akaomba chai.

Kibii alipanda kwenye kiti, akashika kifundo cha mguu wangu, akanisukuma juu kwa adabu kubwa. Niliposhuka, nikamkuta Mzee Kipkemei amechuchumaa kwenye mfereji wa Odero, anaonja. Akasema ng'ombe wake wana hamu ya chumvi tangu mvua zianze, na hii ni ya ziwani kweli. Akaomba kidogo. Wakachukua yote. Mitungi yangu ile ile ikapakiwa kwenye gari, Kihara akibeba na suti yake.

Kabla ya kuondoka, Mama Chepchirchir alimshika Lynn mikono. “Niliambiwa ninakuja kwa watu wa maringo,” akasema. “Hamna maringo hapa. Utakuja kwetu.”

Lynn akalia. Mugure akalia. Mimi niliumwa mguu.

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Mugure ameenda kanisani na kurudi na ndoo ya rangi, ambayo amenunua Jumapili. Ananiletea uji kitandani. Lynn alinibusu kwenye paji la uso akacheka peke yake.

Nimetafakari kwa utulivu. Ukweli uko wazi. Posa imekubaliwa kwa sababu ya tangi. Hakuna aliyetaja maporomoko ya Kihara isipokuwa kwa kuyacheka. Mbinu yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo, ila kulikuwa na kasoro moja ya kitaalamu, na nimeigundua mwenyewe bila msaada wa mtu. Dari ndilo lililoniangusha. Dari lisingekuwepo, nisingeanguka.

Natalie hashiki simu. Nimemwachia ujumbe. Odero anakuja kesho kupima paa.

Tangi lilikuwa fupi mno.