Droni Yangu na Mpunga wa Malimbuko

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, tena nyumbani kwetu Kyela. Kazi yangu mnaijua: narusha droni juu ya mashamba, inapiga picha, nazisoma kujua mimea ina hali gani. (Nyumbani wanasema nachezea ndege. Baada ya leo sibishi.)

Asubuhi nilikuwa Busale, shambani kwa Mama Tusajigwe. Majirani walijaa. Nikarusha droni, nikafungua ramani kwenye kishikwambi. Kijani ni mpunga wenye afya, nyekundu ni wenye shida. Shamba lote kijani, isipokuwa jaruba moja, kipande kilichozungushiwa matuta, pembeni karibu na mfereji. Jekundu kabisa.

Nikakohoa kidogo kama daktari. "Mama, hapa kuna ugonjwa. Mpunga huu ung'olewe leo na uchomwe, ugonjwa usije ukavuka kwa majirani."

Baba Ambakisye, ambaye shamba lake linapakana na hilo jaruba, alikuwa ameshachukua mundu.

Mama Tusajigwe akaniangalia. "Mwanangu, hicho chombo chako kinanusa?"

"Hakinusi, mama. Kinaona tu."

"Na wewe umeingia humo?"

Sikuwa nimeingia. Nilikuwa na buti mpya. (Ndiyo, hiyo ndiyo sababu. Nisemeni tu.)

"Twende," akasema.

Yeye peku, anatembea kwenye tope utadhani yuko sebuleni kwake. Mimi hatua ya nne nimezama hadi magotini. Nikavuta mguu, mguu ukaja, buti likabaki. Nikafika kwenye jaruba na buti moja, watu wote kwenye tuta wananitazama.

Mama akapukuchua suke moja kiganjani mwangu, akapuliza makapi. Punje zimejaa, ngumu, njano safi. Harufu yake, jamani, ile ya sufuria la wali likifunuliwa. Machozi yalinilenga, na sijui kama ni aibu au njaa.

"Umekomaa," nikasema kwa sauti ndogo. Mpunga ukikomaa hupoteza ukijani, na ramani yangu ikauona mgonjwa.

"Umekomaa. Huu niliupanda mapema peke yake, uwahi malimbuko ya Jumapili. Ulitaka nikampelekee Mungu majivu?"

Baba Ambakisye akaficha mundu nyuma ya mgongo. Wengine walicheka hadi wakakaa chini.

Nikamuuliza alijuaje siku ya kupanda. Akanionyesha vidole vyake: alihesabu kurudi nyuma kutoka Jumapili yenyewe, akaangalia maji ya mfereji yanaanza kufika wapi, akachagua jaruba hilo. Kila mwaka unakomaa wiki ileile. Mimi na droni yangu hatujawahi kukaribia hesabu hiyo. Namheshimu huyu mama kuliko walimu wangu wote, na nimemwambia hivyo hivyo nikiwa nimesimama topeni.

"Ndaga," akanishukuru kwa kikwetu. "Kwani wewe mtoto wa nani?"

Hapo ndipo nilipotamani tope linimalize. "Wa yule mama anayeuza mchele Mbugani."

Mama Tusajigwe akaweka mikono kiunoni: "Mchele?"

Kabla sijatoka shambani simu ikaita. Mama yangu. Majirani walishampigia; hata salamu hakutoa. "Wewe, mpunga uliokomaa huujui?"

Adhabu nimeshapewa na Mama Tusajigwe: namvunia jaruba hilo, na Jumapili nabeba kapu lake la malimbuko hadi madhabahuni. Mkiniona napita peku, naomba msicheke. Buti moja bado liko jarubani, na lile la pili kalishikilia yeye mpaka nimalize kuvuna.