Malalamiko ya Kutengenezewa Pampu ya Upepo Bila Kumfikiria Mkwe Wangu

Mtambile, Pemba
Jumamosi asubuhi

Kwako Ndugu Fundi Gulam Valimohamed,
Gereji ya nyuma ya soko, Wete.

Assalaam aleikum. Natumai barua hii inakufikia ukiwa mzima na mikono umenawa, maana haya si mambo ya kushikwa kwa mikono ya grisi. Mimi hali yangu si njema. Nina malalamiko, na wa kulalamikiwa ni wewe.

Kwanza: umenitengenezea gari. Nilikuletea unibadilishie oili tu. Wewe, kwa wema wako usioombwa, ukaona pampu ya upepo imechoka, ukaitoa na kunitilia nyingine nzima. Nami nikakushukuru, mjinga mimi! Sikujua nashukuru kuvunjiwa nyumba.

Nikueleze. Gari yangu, kama ujuavyo, haikukalia springi. Imekalia mifuko ya upepo, na pampu ndiyo inayoijaza. Ile pampu ya zamani ilikuwa ikijikongoja na kuvuja. Njiani inainua gari kwa taabu. Nikizima tu, fsss, gari inashuka pole pole, tena inaanza na pua. Basi siku ya kwanza nilipoegesha Wawi mbele ya baraza ya mkwe wangu Bi Kazija, mjane wa dereva wa lori la karafuu, gari ikamshushia kichwa. Akaita majirani: "Njooni mwone! Chuma kinajua kumwinamia mkwe, mwenye chuma hajui!"

Fundi, mimi ni mrefu, na mgongo wa ukoo wetu haukuumbwa kuinama. Tangu nimuoe Moza, mama yake nampa mkono nimesimama wima, naye huniitikia marahaba ya shingo upande. Lakini gari ilipoanza kumsalimia kwa niaba yangu, na mimi nikawa mtu. Nikawa napakuliwa pilau, paja la kuku juu.

Pili: aibu uliyonitia jana Ijumaa. Nimefika Wawi, nimezima. Bi Kazija yuko barazani na kanga yake mpya, anangoja. Gari imesimama kama askari wa gwaride. Nikawasha, nikazima. Nikapiga honi. Nikaenda nikaikalia boneti, wallahi nimeikalia kwa uzito wangu wote, ng'o! Bi Kazija akatikisa kichwa: "Hata gari ushaifundisha jeuri yako." Akaingia ndani. Nikaletewa muhogo wa juzi, mkavu, hata kipande cha papa hakuna.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma hasa: Moza amebaki huko. Mama yake kasema mwanawe hapandi gari yenye kiburi. Nikamsihi Moza amweleze kuwa ilikuwa pampu mbovu tu. Kanijibu, "Nimwambie mama kwamba alikuwa akisalimiwa na ubovu? Mwambie wewe." Nani athubutu? Sasa najipikia. Wali chini umeungua, juu mbichi, na nyumba imekuwa kimya hata saa ya ukutani inanikera. Namtaka mke wangu, Fundi.

Nne: Mtambile nzima inaniuliza nagombea kiti gani, maana eti mtu haiinui gari yake bure. Nikikataa, wanasema wagombea wote huanza kwa kukataa. Nikija kushinda kwa bahati mbaya, shari yote itakayoifika nchi iko juu yako.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, unirejeshee pampu yangu mbovu. Kama umeitupa, nitafutie nyingine yenye ubovu wa adabu, wa kushuka taratibu, si wa kuanguka. Ikikosekana, njoo Wawi ulale chini ya gari, uwe unatoa upepo kila nikikohoa. Na kuanzia leo, kabla mafundi wa kisiwa hiki hawajagusa kitu kibovu, wamuulize mwenyewe kwanza ubovu huo unamfaa kwa lipi.

Nisalimie mkeo Ruqaiyabai na watoto, mafundi wote wa gereji, na yule paka anayelala ndani ya tairi.

Ni mimi, niliyeinuliwa bila kuomba,
Nyange Ame

Baada ya sahihi: Fundi, usilete pampu! Anayeandika hapa ni Moza, mimi natamka tu. Kabla sijaituma barua nilishindwa kuvumilia, nikaenda Wawi. Gari ikasimama wima vilevile. Nikasema liwalo na liwe. Nikashuka, nikapiga magoti mwenyewe mbele ya watu, nikaushika mkono wa Bi Kazija, nikaubusu. Akacheka hadi machozi yakamtoka. Kumbe siku zote alijua! "Mwanangu, mimi nimeishi na dereva umri wangu wote. Pampu iliyochoka naisikia nikiwa jikoni. Nilikuwa nangoja itengenezwe, nione wewe utainama lini." Hapo hapo akamwambia Moza akafungashe nguo zake.

Nguo zimeshafungashwa, ila safari haipo, kwa sababu mgongo wangu umekwama pale pale nilipoinama. Niko kwenye mkeka hapa Wawi, mkwe ananilisha pilau kwa mkono wake, na siwezi kwenda juu wala chini. Gari iache ilivyo. Njoo na jeki, uniinue mimi.