Mstari wa Tano Ulikuwa Wangu

Jumatatu, 9 Juni

Leo miezi saba na siku nne tangu nitoke nyumbani Bamba. Mgongo unauma. Tangu asubuhi nabeba mawe kupanda ghorofa ya pili, na hapa Mishomoroni hakuna aniitaye jina. "We mzee wa mawe!" Basi.

Lakini yataisha! Kanisa letu halina chumba tangu Aprili, mwenye nyumba alikitaka. Siku za kawaida Mchungaji Kafedha hututumia mafundisho kwa simu, na Jumatano jioni tunasoma Biblia chini ya jengo hili hili, kwa hisani ya msimamizi wetu, Bwana Mansur. Yeye Mwislamu, lakini alisema neno la Mungu haliharibu saruji. Sasa mchungaji amepewa makanisa matatu, amehamia Frere Town. Keshokutwa anachagua mwalimu wa darasa.

Mwalimu Jefwa. Nimelitamka mara tatu huko juu, peke yangu. Linanikaa vizuri.

Kuna tatizo dogo. Jana nilimpigia mke wangu Mbeyu nikamwambia nimeshachaguliwa. Akapiga vigelegele. Mama mkwe naye nikamsikia anapiga. Sasa lazima iwe kweli.

Jumanne, 10 Juni

Mpinzani wangu ni Charo, fundi wa kuchomelea, miaka ishirini na minne, ana Biblia nne ndani ya simu moja. Akisoma utadhani bomba limefunguliwa. Mimi niliacha shule darasa la nne. Kuandika naweza, maana maneno yangu nayajua kabla hayajafika. Lakini kusoma kwa sauti mbele za watu! Nanasa kama toroli mchangani. Hilo halijui mtu, hata Mbeyu.

Akili ninayo, hata hivyo. Darasani kila mtu husoma mstari mmoja, kuanzia aliye karibu na mlango. Mchungaji ametangaza Nehemia sura ya tatu, pale watu wanapojenga ukuta, kwa kuwa wengi wetu ni wa mjengo. Nikikaa wa tano, mstari wa tano ni wangu. Nauhifadhi, kwisha!

Simu ya mwenzangu Ngowa inasoma Biblia yenyewe, kwa sauti ya mwanamume aliyeshiba. Akakubali kuniazima, ila nimbebee karai zake za zege leo na kesho. Nikabeba. Mstari nimeusikiliza mara arubaini. Watu wa Tekoa walijenga, lakini wakubwa wao walikataa kutia shingo kazini. Mtamu ajabu! Nimetunga na maelezo ya dakika tano ya kumchoma Charo, ambaye hajabeba jiwe hata moja tangu azaliwe.

Jumatano, 11 Juni

Aibu. Aibu tupu.

Nilikaa wa tano, simu ya Ngowa mkononi, Charo wa nne. Kila kitu sawa. Mchungaji akaomba, tukafumba macho. Tulipofumbua, Mama Dorcas, yule muuza bajia wa kona, kaingia kwa kuchelewa na kujibanza mwanzo wa benchi, mlangoni kabisa. Nilimpa shikamoo. Sikumhesabu!

Kwa hiyo Charo ndiye aliyesoma mstari wa tano. Mstari wangu! Nilijisikia kama mtu anayeona viatu vyake vinakwenda zake na mguu wa mwingine. Halafu zamu yangu, mstari wa sita. Majina matupu. Nikatazama simu, herufi zinacheza. Kinywani nilikuwa na kitu kimoja tu, nikakitoa. Nikausoma mstari wa tano upya, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, bila kukwama popote. Na maelezo nikayaunganisha. Nikasema wapo wakubwa wanaokaa kivulini huku wenzao shingo zinavunjika.

Charo akainama kuchungulia mkono wangu. Akauliza, kwa heshima kabisa, mzee, mbona simu imezima?

Ilikuwa imezima. Sijui tangu saa ngapi.

Mchungaji akasema wengine wameliandika neno moyoni. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Mwishoni akauliza tumejifunza nini. Charo alizungumza robo saa. Mama Dorcas alisema neno moja: majina yale magumu ni ya watu waliobeba mawe, na Mungu hakuacha kuyataja. Basi mwalimu ni yeye. Charo naye kakosa, kwa hiyo si hasara yote.

Alhamisi, 12 Juni

Kumbe Bwana Mansur jana alikuwa nyuma ya nguzo, akingoja tumalize afunge stoo ya saruji. Ameniita asubuhi. "Wallahi, Jefwa, mara ya kwanza nilisema hicho ni kitabu chao. Mara ya pili nikajua ni mimi."

Nimeapa sikumkusudia. Amenihamishia ghorofa ya tatu. Angalau aliniita jina.

Jioni Mama Dorcas akaja na bajia, akaketi juu ya mfuko wa saruji. Akasema taratibu kwamba marehemu mumewe naye alikuwa akihesabu watu kanisani. Akasema tukikaa sote wawili kila jioni akishauza, bila mtu kutuona, kwa wiki saba nitasoma mbele ya yeyote. Nikamwambia ni macho tu, vumbi la saruji. Akajibu, haya baba, macho. Bajia nilizila zote. Usingizi haukuja upesi.

Jumapili, 15 Juni

Mbeyu amepiga. Darasa vipi? Ukweli nilikuwa nao hapa, ulimini. Nikafungua kinywa. Kikatoka kitu kingine: darasa nimemwachia mama mmoja, maana mimi nimepandishwa, sasa nahubiri.

Vigelegele, yeye na mamake. Saa moja baadaye akapiga tena. Kanisa la Bamba limenipa mimbari Jumapili, tarehe 3 Agosti! Na kule mhubiri husoma mwenyewe sura nzima, amesimama, kabla ya kufungua mdomo kwa lolote lingine.

Nilikaa kitako kidogo. Kisha akili ikarudi. Nitahubiri Nehemia ya tatu. Mistari thelathini na miwili, mmoja ninao tayari. Imebaki thelathini na mmoja! Ngowa ameridhia kunipa simu kila jioni, nami nambebea karai zake mpaka Julai iishe.

Mama Dorcas amepita kuniuliza kama nimefikiri. Wiki saba tu, akasema. Wiki saba nzima! Nimemshukuru sana yule mama, ana moyo, lakini nimemweleza wazi kwamba sina nafasi. Nina sura ya kuhifadhi.

Nitafika Bamba Jumamosi, tarehe 2 Agosti, kabla jua halijatua.